Qadari si kichaka cha kujifichia wazembe: Tunachofundishwa na ajali za ndege

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemtiishia mwanadamu vyombo vya nchi kavu, vya baharini na vya angani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na wote wanaoufuata mwongozo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, inapotokea ajali kubwa katika jamii zetu haupiti muda mrefu kabla hatujasikia misibani, misikitini na redioni kauli ile tuliyoizoea, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kauli hiyo ni ya haki, na kwa mfiwa ni dawa. Mama aliyempoteza mwanawe hana pengine pa kuegemea isipokuwa kwa Mola wake, na hakuna mwenye akili atakayemnyang'anya egemeo hilo.

Lakini tumekuwa tukiishuhudia kauli hiyo hiyo ikitumiwa na watu ambao hawakufiwa. Mwenye chombo huitamka, msimamizi wa safari huitamka, na mkaguzi aliyekipitisha chombo kibovu naye huitamka kwa sauti ya unyenyekevu. Baada ya hapo kila anayeuliza nini kilitokea huonekana kana kwamba anamhoji Muumba. Je, hivyo ndivyo dini yetu inavyotufundisha? Leo tumeonelea tulitazame suala hili kupitia ajali za ndege. Tumezichagua hizo kwa sababu ni vigumu kupata ajali nyingine ambazo wanadamu wamezichunguza kwa subira na kuziandika kwa uwazi kiasi hicho.

Mahujaji wa Jeddah, 1991

Tuanze na msiba unaotugusa kwa karibu. Tarehe 11 Julai 1991, wiki chache baada ya kumalizika kwa ibada ya Hija, ndege aina ya DC-8 iliruka kutoka uwanja wa Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah ikielekea Sokoto, kaskazini mwa Nigeria. Ilikuwa mali ya kampuni ya Nolisair ya Kanada, iliyokodiwa kuwarudisha nyumbani mahujaji kwa jina la Shirika la Ndege la Nigeria. Ndani yake mlikuwa na watu 261, abiria 247 na wahudumu 14. Hakunusurika hata mmoja.

Nini kilitokea? Wachunguzi walipoifuatilia safari ile tangu mwanzo wake hawakukuta kimbunga, wala radi, wala adui mwenye silaha. Walichokikuta ni tairi zenye upepo pungufu. Tairi mbili za ndege ile, ya pili na ya nne, zilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, na mafundi walilijua hilo. Fundi mkuu alitaka zijazwe gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo inayotumika katika tairi za ndege, lakini gesi haikupatikana kwa haraka. Msimamizi wa shughuli ile, aliyekuwa akiangalia ratiba na ambaye hakuwa na sifa za kuidhinisha ndege iruke, hakutaka safari ichelewe. Akaagiza ndege iondoke hivyo hivyo. Tume ilibaini pia kwamba kumbukumbu ya kipimo cha upepo wa tairi mojawapo ilikuwa imebadilishwa. Na haukupatikana ushahidi wowote, wa maandishi wala wa mdomo, kwamba marubani walielezwa lolote.

Ndege iliyojaa watu na mafuta ikaanza kutembea kuelekea njia ya kurukia. Tairi iliyokuwa na upepo mdogo ilishindwa kubeba sehemu yake ya uzito, mzigo ukahamia kwa tairi ya jirani yake. Wakati wa kuruka ile ya jirani ilipasuka, na yenyewe ikafuata papo hapo. Gurudumu moja liliacha kuzunguka likaburuzwa juu ya lami, na msuguano ukazaa moto. Marubani walihisi jambo lisilo la kawaida lakini hawakuwa na habari ya kilichokuwa kikiendelea chini yao. Walipokwisha kupaa wakayakunja magurudumu kama ilivyo desturi, na kwa kufanya hivyo wakauingiza moto ndani ya tumbo la ndege. Moto ulikata nyaya na mabomba ya kuendeshea mitambo, ukalifikia tangi la mafuta na kuiunguza sakafu ya abiria. Walijitahidi kurudi Jeddah, wakaanguka wakiwa wamebakiza chini ya kilomita tatu kuufikia uwanja.

Tuzingatie, ndugu msomaji. Abiria hawa wametoka kutimiza nguzo ya tano ya dini yao. Wengine waliweka akiba kwa miaka mingi, na huko nyumbani jamaa walikuwa wakiwangoja kuwapokea. Tunawaombea wote rehema za Mola wao. Lakini kuwaombea rehema hakutuzuii kusema kwamba roho 261 zilipotea kwa sababu mtu hakutaka kusubiri gesi ya kujazia tairi.

Qadari na wajibu

Hapa ndipo penye swali. Je, vifo vile vilikuwa ni kwa qadari ya Allah? Naam, kwani hakuna kinachotokea nje ya elimu na uwezo Wake, na kuiamini qadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo ya imani. Je, kulikuwa na mtu mwenye kosa? Naam vile vile. Majibu hayo mawili hayagombani. Anayedhani kwamba moja linalifuta jingine ndiye ambaye hajaielewa qadari.

Tazameni sheria yenyewe ya Kiislamu. Mtu akimuua mwenziwe kwa makosa, pasi na kukusudia, Qur'an imeweka kafara kwa muuaji na diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe wenyewe. Kama kila kifo kingekuwa ni kazi ya Mungu kwa maana ile wanayoitaka wazembe, diya ingelipwa kwa lipi? Wanazuoni wetu tangu kale wamefundisha pia, kwa kutegemea Hadithi ya Mtume (S.A.W.), kwamba anayejitia utabibu bila kuujua hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Yule msimamizi wa Jeddah, aliyeidhinisha kitu asichokuwa na ujuzi nacho, anaingia moja kwa moja katika hukumu ya namna hiyo.

Kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa safarini kuelekea Sham nacho ni maarufu. Alipopata habari kwamba tauni imeingia huko, alitaka ushauri wa maswahaba kisha akaamua kurejea Madina. Abu Ubaida (R.A.) alimuuliza iwapo anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba wanaondoka katika qadari moja kuiendea nyingine, na zote ni Zake. Na nani asiyejua habari ya yule bwana aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kudai kuwa amemtegemea Mungu? Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Katika zama zetu, kupima upepo wa tairi za ndege ni kumfunga ngamia.

Ukimya mbele ya mkubwa

Ajali za ndege zinatuonesha maradhi mengine mawili, na yote mawili yamo pia majumbani na maofisini mwetu. La kwanza ni ukimya.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife kilichoko visiwa vya Kanari, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana ardhini. Moja ilikuwa ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani. Zote mbili hazikupangiwa kuwa pale. Zilielekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika uwanja wa kisiwa jirani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ndege hazikuonana, wala mnara wa kuongozea ndege haukuziona. Mawasiliano ya redio nayo yaliingiliana, baadhi ya maneno yasisikike. Rubani mkuu wa KLM, mtu mwenye heshima kubwa na mkufunzi wa marubani wenzake, alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa. Mhandisi aliyekuwa naye ndani ya chumba cha marubani aliuliza iwapo ile ndege nyingine imekwishatoka njiani. Mkubwa akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na mdogo akanyamaza. Muda mfupi baadaye watu 583 walikuwa wamekufa au wanakufa. Hadi leo hakuna mgongano wala ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi ya hapo.

Baada ya msiba huo na mingine iliyofanana nao, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani jambo ambalo si la mitambo: mkubwa afundishwe kusikiliza, na mdogo afundishwe kusema bila hofu anapoiona hatari. Sisi Waislamu jambo hilo tunalijua kwa jina la shura. Mtume (S.A.W.), aliyekuwa akipokea wahyi, aliamrishwa kushauriana na maswahaba wake. Ni nani basi miongoni mwetu aliye mkubwa kiasi cha kutoulizwa?

Tusidhani kwamba maradhi haya ni ya watu wa mbali. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliruka kutoka Douala, Kamerun, ikielekea Nairobi na watu 114. Kulikuwa na giza na mvua, na njia ilipita juu ya kinamasi chenye mikoko kisichokuwa na taa hata moja. Rubani alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika usukani, kumbe haukuwa umeshika. Ndege ikawa inainamia upande wa kulia polepole, na kati ya wawili waliokuwa mbele hakuna aliyetambua hadi ilipopiga king'ora. Juhudi za kuirekebisha zikaizidishia hali mbaya. Wote 114 walifariki, na mabaki yake yalipatikana baada ya zaidi ya saa 40, ingawa yalikuwa kilomita chache tu kutoka uwanjani. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani walipotewa na mwelekeo gizani. Ikataja pia kutofuatwa kwa taratibu na kukosekana kwa uratibu mwema baina yao wawili.

Kuficha aibu ya bidhaa

Maradhi ya pili ni kuficha. Tumesimuliwa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini ya nafaka kavu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume hakuukubali udhuru ule, kwani mvua ni ya Mungu lakini kuipeleka nafaka iliyolowa chini ili mnunuzi asiione ilikuwa ni kazi ya muuzaji. Tunaomba kisa hicho kisomwe upya na kila anayependa kusema kazi ya Mungu haina makosa.

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege mpya ya Lion Air ya Indonesia, aina ya Boeing 737 MAX, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Jakarta, ikaua watu 189. Miezi isiyotimia mitano baadaye, tarehe 10 Machi 2019, nyingine ya aina hiyo hiyo, ya Shirika la Ndege la Ethiopia, ilianguka ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Wote 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote. Ilibainika kwamba watengenezaji walikuwa wameweka ndani ya ndege hizo programu inayoweza kuisukuma pua ya ndege chini yenyewe, kwa kutegemea kipimo cha kifaa kimoja tu. Kifaa hicho kilipotoa taarifa ya uongo, ndege ikawa inapigana na rubani wake. Na vitabu vya mwongozo walivyopewa marubani kabla ya ajali ya kwanza havikuwaeleza kwamba programu hiyo ipo. Mwaka 2021 kampuni ya Boeing ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kuhusiana na tuhuma za kuwahadaa wakaguzi. Hiyo ndiyo nafaka iliyolowa, isipokuwa mnunuzi wa mara hii alilipia kwa roho yake.

Kuuliza ni ibada

Huenda mtu akasema: haya yote yana faida gani ilhali waliokufa hawarudi? Faida yake ni wale waliobaki hai. Mwaka 1954 ndege mbili za Uingereza aina ya Comet zilipasuka angani, moja mwezi Januari na nyingine Aprili. Wataalamu hawakukaa kulia tu. Waliokota vipande kutoka baharini, wakaitumbukiza ndege nzima ya aina hiyo ndani ya tangi la maji na kuijaza shinikizo mara kwa mara mpaka bati lake likapasuka mbele ya macho yao. Wakajua kwamba chuma nacho huchoka. Ndege zote tunazopanda leo zimetengenezwa na watu waliolijua hilo. Kisanduku cheusi nacho, ambacho kwa hakika hupakwa rangi ya chungwa ili kionekane, kilibuniwa na Mwaustralia David Warren, ambaye baba yake mwenyewe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1934. Kinaandika mwenendo wa ndege na maneno ya marubani. Muumini anayejua kwamba kila neno lake linaandikwa na malaika hapaswi kukiogopa kisanduku hicho.

Uchunguzi pia ni haki ya mfiwa. Ndugu zetu wa Komoro wanalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 30 Juni 2009 ndege ya Yemenia iliyotoka Sanaa ilianguka baharini karibu na Moroni. Kati ya watu 153 alinusurika binti mmoja tu wa miaka 12, aliyeshikilia kipande cha ndege baharini usiku kucha. Wengi wa waliokufa walikuwa Wakomoro waishio Ufaransa waliokuwa wakienda kwao. Uchunguzi ulionesha kwamba marubani walikosea katika kuiongoza ndege ilipokuwa ikikaribia kutua. Jamaa wa marehemu hawakukubali kuambiwa wanyamaze. Walidai na kungoja miaka 13, na mwezi Septemba 2022 mahakama mjini Paris iliitia hatiani kampuni ile kwa kuua bila kukusudia na kuitoza faini ya yuro 225,000. Fedha hizo hazilingani na roho moja, sembuse 152. Lakini imeandikwa rasmi kwamba kulikuwa na kosa, na mfiwa anastahiki kuujua ukweli.

Nasi tufanye nini?

Ndugu Waislamu, kila mwaka familia zetu huuza shamba au hukusanya akiba ya miaka ili baba na mama waende Hija. Tunapokwenda kwa wakala tunauliza bei, tunauliza hoteli ina umbali gani kutoka Haram, tunauliza tarehe. Ni wangapi wanaouliza ndege ni ya nani na nani anayeitengeneza? Umoja wa Ulaya umekuwa ukitangaza tangu mwaka 2006 orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku katika anga yake kwa sababu za usalama, na orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu. Kuiuliza si kukosa tawakkul. Na ikitangazwa kwamba safari imechelewa kwa ajili ya matengenezo, tusiwe wa kwanza kupiga kelele. Kelele zetu ndizo zinazompa nguvu msimamizi wa namna ya yule wa Jeddah.

Wenye madaraka nao wana sehemu yao. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafariki, na waliofika mwanzo kuwasaidia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Allah awalipe wavuvi wale. Lakini uwanja ulio kando ya ziwa unastahiki waokoaji walioandaliwa, wenye boti na zana, bila kutegemea nani amekwenda kuvua asubuhi hiyo. Tukilisema hilo hatumpingi Mwenyezi Mungu. Tunamkumbusha kila aliyepewa amana kwamba ataulizwa juu yake.

Basi itakapotokea ajali, nasi tunaomba isitokee, tuwafariji wafiwa kwa qadari na tuwaulize wahusika kwa sheria. Tusiwachanganye watu hawa wawili, tukamhukumu mfiwa kwa machozi yake na kumpa mzembe faraja asiyoistahiki.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wote waliofariki safarini, awape subira jamaa zao, awalinde wasafiri wetu kwenda na kurudi, na awajaalie walioshika roho za watu mikononi mwao kuwa waaminifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.